MQ-2, MQ-6 au TGS2610? Kesho naenda kununua sensa ya gesi

Kwetu_Pazuri: Wakuu habari za saa hizi. Nataka kutengeneza kengele ya gesi, nimekwama kati ya hizo tatu. Kuna jamaa kanambia nisubiri za nano (chembe ndogo mno) za oksidi ya zinki eti ndo kali. Nichukue ipi?

fundi_meza: Mkuu hujasema gesi gani, ya mtungi au moshi wa mkaa? Umeme wa ukutani au betri? Hita ya ndani ya sensa za MQ inakula miliampia 150 hivi mfululizo, betri ya volti 9 haikufikishi asubuhi.

Binti_Saketi: MQ-6 funga macho. MQ-2 inapigia kelele mpaka spiriti ya kufutia meza.

mzee_wa_sodering: Nawaambia yaliyonikuta. Nilikuwa na MQ-6 jikoni inafanya kazi safi, siku moja nikaziba sinki kwa silikoni ya tyubu, kengele iko hatua moja pembeni wala sikuwaza. Baadaye regyuleta ya mtungi ikavuja usiku, mke wangu ndo akaamshwa na harufu, kengele taa ya kijani inawaka na iko kimya. Asubuhi nikaisogezea kiberiti cha gesi mpaka puani, mita haichezi. Kumbe mvuke wa silikoni unaganda juu ya chembe za oksidi ya bati zinazonusa gesi humo ndani ya sensa, gesi haizifikii tena, hapo ni kutupa. Sasa hivi kila Jumamosi naijaribu.

fundi_meza: Pole sana mzee. Na msizifunge darini jamani, gesi ya mtungi nzito kuliko hewa, inalala chini.

Chembe_Ndogo: Nano msiibeze. Oksijeni inakaa juu ya chembe inanyang'anya elektroni, gesi ikija inaungua na hiyo oksijeni, elektroni zinarudi na ukinzani (ugumu wa umeme kupita) unashuka, ndo sensa inasoma hapo. Chembe ikiwa chini ya nanomita 6 hivi inaguswa yote mpaka ndani, mwitikio unapanda sana.

Binti_Saketi: Sawa ila kwa joto la hita, nyuzi 300 hivi, chembe zinashikana zinakua, na masika unyevu unavuruga usomaji. Sensa ya oksidi ya bati Taguchi wa Japani aliiombea hataza (haki ya mvumbuzi) tangu 1962, imeshakomaa.

Chembe_Ndogo: Unyevu unavuruga zote dada, hata hiyo ya bati.

Kwetu_Pazuri: Samahani wakuu, ni ya mtungi, umeme wa ukutani. Ila jioni mama anawasha na jiko la mkaa humohumo.

fundi_meza: Ungeanzia hapo! Mkaa unatoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu, ongeza MQ-7, hita yake inaenda kwa zamu, volti 5 sekunde 60 kisha volti 1.4 sekunde 90.

mzee_wa_sodering: Huo mkaa utoke nje leo leo kijana, sensa baadaye.

Kwetu_Pazuri: Nimekusikia mzee, naongea naye usiku huu. MQ-6 na MQ-7 zinaweza kula chaja moja ya simu?