Uboho wa kakangu haujashika, tufanyeje?

MamaLikoni: Jamani kakangu alipandikizwa seli za uboho za dadangu huko India, leo siku ya 30 na neutrofili (chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu) hazijafika 500, daktari asema seli za dadangu hazijashika, silali wallahi. Kuna tiba ama ndo basi?

Kisauni_boy: Pole sana dada, tiba ipo. Ulizieni kipimo cha kimerizimu, yaani damu ilioko sahii ni ya nani. Ikiwa yote ya dadenu ila inatoka kidogo, huongezewa seli za CD34 (seli mama zinazotengeneza damu) za dadenu huyohuyo, mara nyingi bila kemo (dawa kali za kusafisha uboho kwanza), lakini mwili ukiwa umezikataa basi ni kupandikizwa upya na kemo tena, pengine kwa mtu mwengine.

NesiTudor: Na homa ikianza msingoje asubuhi, kinga hana.