Uji mchachu wa mchele kwa tumbo linalosumbua

Wana Dodoma wenzangu, mbukwenyi! Mama yuko hapa kwangu Leeds, tumbo linamsumbua: gesi, kujaa, hamu ya kula hana. Anataka uji mchachu wa mchele, mwepesi. Mimi nimezoea kuunywa tu, kuutengeneza sijui. Na baridi hii, utachachuka kweli?

*

Mpe mama pole, mwanangu. Utachachuka, ila utafute joto.

Mchele wowote mweupe unafaa. Sisi hapa tunachukua wa Bahi. Osha kikombe kimoja, loweka usiku kucha, mwaga yale maji, saga kwenye blenda na maji vikombe vitatu mpaka usisikie chenga ukipikicha kati ya vidole. Maji ya bomba ya huko yana dawa, yachemshe kwanza yapoe.

Halafu tia kimea cha ulezi vijiko viwili. Ulezi mzima uulize kwenye maduka ya Wahindi, wao wanauita ragi. Loweka, uoteshe kwenye kitambaa kibichi siku mbili tatu, anika, saga. Ukikataa kuota, ujue umekobolewa au umekaangwa. Kimea ndicho kinachovunja wanga uji unapopata moto, ndiyo maana hauwi bonge na mgonjwa anaumeza bila shida. Cha mtama kiache kama hujawahi kukitengeneza: machipukizi yake yana kemikali inayotoa sianidi, wenyewe huyapukuchua yote kabla ya kusaga.

Funika, tafuta joto la nyuzi 28 hadi 32. Kwetu mwezi wa Novemba siku moja inatosha. Julai, usiku ukiwa baridi, tunaongeza ya pili. Huko weka kwenye oveni iliyozimwa, taa yake tu ndiyo iwake. Ukiwa tayari utaona vipovu pembeni, maji yamejitenga juu, na harufu ya uchachu inakaribia ya maziwa mgando. Ukiona ukungu au rangi ya waridi, mwaga wote. Hakuna cha kukwangua juu na kuokoa ya chini.

Chemsha maji mengine vikombe vitatu, mimina huku unakoroga, acha utokote dakika kumi na tano. Chumvi kidogo. Ubuyu najua mama ataudai, lakini kama kiungulia kipo mnyime kwanza, uchachu juu ya uchachu utamchoma. Bakisha kikombe cha ule mbichi kwenye friji, ndiyo chachu ya safari ijayo.

*

Shikamoo mama, naongezea kidogo, mimi ni muuguzi. Asije mtu akafupisha njia kwa kuchachusha wali uliolala kwenye sufuria. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus zinastahimili kupikwa, wali ukikaa nje zinaamka, na sumu yake ya kutapisha haiondoki hata uuchemshe upya. Uji ukishapikwa nao usilale mezani: upoze haraka, weka friji, umalize kesho yake.

Pia mama ana sukari? Uji wa mchele unaipandisha upesi, hata ukiwa mchachu. Na kama anapungua uzito, anapata choo cheusi au chakula kinamkwama kooni, hapo uji si dawa, mpeleke kwa daktari.

*

Marahaba mwanangu, umesema vyema. Kuna wanaosema ukichemsha unaua bakteria wazuri. Ni kweli wanakufa, lakini asidi waliyoitengeneza inabaki. Kwa mtu mzima mwenye tumbo bovu mimi nachagua uliopikwa.

*

Asanteni sana. Sukari hana, na choo ni cha kawaida. Ragi nimeipata, imeshalowekwa. Mama ameomba niulize: anaweza kunywa na mlenda?

*

Mwambie anywe uji kwanza, mlenda ausubirie ugali!