Mfanyakazi hodari anachelewesha kazi na hasemeshani na mwenzake, nianzie wapi?

Kiongozi wa Zamu
Wakuu, habari za kazi. Naongoza timu ya watu wanane. Mmoja wao, mkongwe anayeijua kazi, amechelewesha ripoti ya wiki mara tatu mwezi huu. Juu ya hilo, yeye na mwenzake hawasemeshani. Ujumbe wa kazi unapitia kwa mtu wa tatu. Nikigusia tu, jibu ni "kwani ni mimi peke yangu?" Je, niyazungumze yote mawili kwa pamoja? Nifungueje? Na akilia au akiondoka?

Mtathmini
Tenganisha, mkuu. Ripoti ni suala lako na yeye. Ugomvi ni suala la watu watatu, wewe ukiwemo. Ukiyachanganya, ukiuliza habari za ripoti atakujibu habari za mwenzake.

Kabla ya kikao andika nusu ukurasa: nini kilitokea na lini, kimemgusa nani, na unataka kuona nini kuanzia sasa. Kisha futa kila neno ambalo kamera isingeweza kulinasa. "Mvivu", "hajali", "ana kiburi", yote yaondoke. "Ripoti ya Jumatatu saa 4 asubuhi iliingia Jumanne saa 9 alasiri" inabaki, kwa kuwa haina ubishi. Ukimwambia mtu hajali, mtaanza kubishania kilichomo moyoni mwake, na huko huna ushahidi. "Siku zote" na "kila mara" nazo futa. Akikupa mfano mmoja wa kinyume, hoja yako yote imeanguka.

Ufunguzi usizidi dakika moja: "Nimekuita tuzungumzie ripoti ya wiki. Mwezi huu imechelewa tarehe 6, 13 na 20. Watu wa hesabu wanaisubiri ndipo wafunge kazi yao, na mara mbili wamebaki ofisini hadi usiku. Nataka kuelewa kinachokwama." Halafu nyamaza. Hapa ndipo mameneja wengi wanapoharibu. Kimya kikizidi kidogo wanaanza kujijibu wenyewe, kumtafutia mtu visingizio, au kulainisha: "lakini si tatizo kubwa sana." Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla hujafungua mdomo tena.

Usitangulize sifa na kumalizia kwa sifa ili kuficha lawama katikati. Ama lawama haimfikii, ama kuanzia siku hiyo kila ukimsifu anasubiri pigo.

Afisa Rasilimali Watu
Naongezea mambo ya muda. Usimwite saa ya mwisho kabla ya siku za mapumziko, ukamwacha na uchungu bila mtu wa kumuuliza. Chagua chumba chenye mlango na utenge dakika 30 hadi 45. Mjulishe asubuhi ya siku hiyohiyo, ukitaja mada. "Nina maneno na wewe" bila mada humfanya aje akiwa amejiandaa kwa vita.

Kuhusu "kwani ni mimi peke yangu?", jibu mara moja tu: "Ya wengine nazungumza nao wenyewe. Hapa tuko na ripoti yako." Ila kagua kumbukumbu kabla ya kikao. Kama wengine wanachelewa hivyohivyo na hujawagusa, basi ana haki, na kikao cha kwanza kiwe cha timu nzima kuhusu muda wa ripoti.

Akilia, acha kuzungumza, mpe maji, muulize kama anataka dakika kumi au mwendelee. Usifute ulichosema kwa huruma, kwani kesho utalazimika kukisema upya. Akipaza sauti, shusha yako na urudie ulichosikia kwake. Akiondoka, usimfuate koridoni. Mtumie saa ya kuendelea kesho yake, na muanzie palepale mlipoishia.

Akitaja ugonjwa au mambo ya nyumbani, usichimbe. Muulize anahitaji nini ili kazi iende. Na usiahidi siri kamili, maana yapo mambo utakayolazimika kuyafikisha kwa wahusika.

Kiongozi wa Zamu
Asanteni sana. Nimekagua: wengine wawili walichelewa mara moja moja tu. Na ugomvi je, niwakalishe wote wawili moja kwa moja?

Msuluhishi
Hapana, anza na mmoja mmoja. Nusu saa kila mtu, maswali yaleyale kwa mpangilio uleule: nini kilitokea, kinakukwamisha nini kazini, wewe uko tayari kubadilisha nini? Swali la tatu ndilo kipimo. Anayejibu "mimi sina cha kubadilisha" hajawa tayari kwa kikao cha pamoja.

Sikiliza sana swali la pili. Mara nyingi utagundua wanagombania kazi isiyo na mwenyewe: kila mmoja anadhani kuhakiki takwimu ni jukumu la mwenzake. Hilo ni lako meneja, na kuombana radhi hakutalitibu. Andika nani anaandaa, nani anahakiki, mwisho saa ngapi.

Kikao cha pamoja kichukue saa moja hadi moja na nusu. Kila mmoja azungumze dakika tano bila kukatizwa, kisha mwenzake arudie alichosikia mpaka aambiwe "ndiyo, ndivyo nilivyosema". Waeleze mapema kwamba kurudia si kukubali, la sivyo watagoma.

Watafiti wa migogoro Thomas na Kilmann, katika kipimo chao cha mwaka 1974, walitaja njia tano za kukabili mgogoro: kushindana, kushirikiana, kukutana katikati, kukwepa na kukubali yaishe. Msimamizi mpenda amani hukimbilia kukutana katikati hata pasipofaa. Saa ya mwisho ya ripoti haigawanywi nusu kwa nusu.

Usidai wawe marafiki wala wapeane mikono. Dai tu waambiane mambo ya kazi ana kwa ana na wajibizane ndani ya siku moja. Na yule wa tatu mwambie waziwazi aache kubeba ujumbe, maana akiendelea, hao wawili hawana sababu ya kuzungumza.

Mshauri wa Sheria za Kazi
Hapa natofautiana kidogo na waliotangulia: si kila ugomvi ni wa kusuluhishwa. Vitisho, unyanyasaji wa kingono au ubaguzi vikitajwa katika mahojiano hayo, usimkalishe mlalamikaji meza moja na anayelalamikiwa. Peleka kwenye utaratibu rasmi. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa 2019 unahusu hasa ukatili na unyanyasaji kazini.

Pia mazungumzo haya si kikao cha nidhamu. Ukiona yanaelekea kwenye onyo au kufukuzwa, simamisha. Mpe tuhuma kwa maandishi na muda wa kujibu, na uangalie kama sheria ya kwenu inampa haki ya kuja na mwakilishi. Mkataba Na. 158 wa ILO wa 1982, ibara ya 7, unataka mtu apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa kazi kwa mwenendo au utendaji, isipokuwa pale ambapo haiwezekani kumtarajia mwajiri atoe nafasi hiyo.

Kwa suala la ripoti, mwandikie ndani ya saa 24, mistari mitano hivi: mlichozungumza, maelezo yake, mlichokubaliana, nani anafanya nini hadi lini, na tarehe ya kukutana tena. Mwombe asahihishe ulipokosea. Kutaneni baada ya wiki moja, kisha baada ya wiki mbili nyingine, hata kama ripoti zinaingia kwa wakati. Barua hiyo usimtumie nakala mtu mwingine wa timu, hata yule mwenzake.