Mrejesho: Squid iliyokuwa ikipandisha CPU kwa vipindi

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini Squid yetu hapa Bukavu (programu inayopitisha na kuchuja maombi ya intaneti) inaruka hadi asilimia 100 ya CPU na kurasa kuganda, huku mashine nzima yenye viini 4 vya CPU ikionyesha 25 tu, kisha inatulia yenyewe. Imepona. Aksanti sana!

Diski haikuhusika, wala RAM. Aliyeniambia nibonyeze 1 ndani ya top (programu inayoonyesha matumizi ya CPU) ndiye aliyefungua njia: kiini kimoja kilikuwa kimejaa, vingine vimelala. Bila kuongezewa workers (nakala zake zinazogawana kazi), Squid huchuja maombi yote kwa kiini kimoja. Na sisi tulikuwa na orodha ya maelfu ya tovuti zilizozuiwa, yote chini ya url_regex (kanuni inayolinganisha anwani nzima na ruwaza za maandishi, yaani regex), kwa hiyo anwani ya kila ombi ilipitishwa humo. Wanafunzi wakifurika mchana, inazidiwa, usiku, shwari.

Majina ya tovuti nimeyahamishia dstdomain (kanuni inayoangalia jina la tovuti tu), yakianza na nukta ili yashike na vikoa vidogo. Huko Squid hutafuta ndani ya mti uliopangwa, kazi nyepesi kabisa. Nikakagua mipangilio kwa squid -k parse, halafu nikaipakia upya kwa squid -k reconfigure. Leo mchana ukumbi umejaa na kurasa zinafunguka. Regex zimebaki chache, zile zisizoepukika.