Naomba ushauri: ramani ya kutumia garini kutoka Muscat hadi Salalah

Ndugu zangu, natarajia kwenda Oman kuwatembelea shemeji zangu walioko Muscat, kisha mimi na mke wangu tukodi gari tuelekee Salalah, mwendo wa takriban kilomita 1,000 unaopitia Adam, Haima na Thumrait, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni jangwa tupu. Wenye gari wako tayari kutukodishia kifaa cha GPS kwa malipo ya kila siku, shemeji anasisitiza ninunue laini ya huko yenye bando, nami nafikiria kupakua ramani za Google Maps mapema, kwa kuwa simu hupokea mawimbi ya setilaiti hata pasipo intaneti, ingawa taarifa za foleni hukosekana.

Kinachonisumbua zaidi ni joto. Mwaka jana, tukielekea Dodoma, simu niliyoibandika kwenye kioo cha mbele ilipata moto hadi ikajizima, nikalazimika kusimama na kumwuliza njia kijana wa bodaboda. Huko jangwani sitakuwa na wa kumwuliza. Isitoshe, Oman magari hupita kulia, hivyo nahitaji sauti inayotaja kona mapema, nisitazame skrini ninapoingia kipilefti.

Kwa mliowahi kuendesha njia hiyo, je, ramani iliyopakuliwa inatosha, au nikodi kifaa hicho pia? Na simu mliiweka wapi isichomwe na jua?