Hivi Samora na Sam Nujoma ni mtu mmoja? Wasambaza mizigo mtatuua kwa presha

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimeagiza wino wa printa wa ofisini, anwani nikaandika hadi mtoto wa chekechea angefika: Samora Avenue, upande wa Mnara wa Saa. Saa saba mchana boda ananipigia: "Bosi, nishafika Mwenge, uko wapi?"

Mwenge! Namuuliza Mwenge umefuata nini, ananijibu bila haya: "Si umeandika Samora? Sam Nujoma ndiyo hii."

Nikapiga ofisini kwao. Dada wa huduma kwa wateja, kwa sauti ya kubembeleza: "Kwani kaka, Samora si kifupi cha Sam Nujoma?"

Nilikaa chini kwanza.

Dada yangu, Samora Machel ni rais wa kwanza wa Msumbiji, yule ambaye ndege yake ilianguka Mbuzini, Afrika Kusini, Oktoba 1986. Chama chake cha Frelimo kilizaliwa hapahapa Dar, 1962. Nujoma ni wa Namibia, na barabara yake ni hiyo ya Mwenge kwenda Ubungo. Samora iko mjini kati, sambamba na Sokoine Drive: unaanzia Mnara wa Saa, unapita sanamu ya Askari, unanyoosha hadi Bustani ya Botaniki. Utapoteaje? Ile inayokatiza pale Askari, mmoja anaiita Azikiwe, mwingine Maktaba; ukipotea hapo nitakusamehe.

Mtaa wenyewe umebadilishwa majina kama kanga. Mjerumani aliuita Unter den Akazien, yaani chini ya migunga. Mwingereza alipomfukuza hata hakujisumbua kufikiri, akatafsiri tu: Acacia Avenue. Tulipopata uhuru tukauita Independence Avenue (uhuru wetu, jina la Kiingereza, hilo lina uzi wake). Ndipo likaja la Samora. Na sisi wenyewe tukamkata "Machel" kwa uvivu wa ulimi, leo vijana wanadhani ni kifupi cha mtu mwingine.

Lakini kampuni inayokula hela za watu kwa kupeleka mizigo, kweli haijui mtaa mkuu wa mji?

Wino wangu bado uko Mwenge. Nimeambiwa nikitaka uletwe mjini nilipie tena, eti "mteja alikosea anwani."