Mashine ndogo ya kukereza mbao kwa vijana wa miaka 11–15: ipi ya bei nafuu?

patasi_butu:
Wakuu, kuna vijana kumi hapa Morogoro wanataka kuanza kukereza, yaani kuchonga kwa patasi mti unaozunguka. Kazi za mwanzo ni pia za kuchezea, mipini ya tupa na miti ya kusukumia chapati, vibakuli baadaye. Fedha inatosha mashine moja ya dukani au mbili za kujitengenezea. Nalinganisha hizi (inchi ni kipenyo kwa urefu wa mti unaoingia, kasi ni mizunguko kwa dakika):
A) ya mezani, inchi 8 kwa 12, wati 250, kasi ya chini 750
B) ya kati, inchi 12 kwa 18, wati 550, kasi ya chini 430
C) kuunda kwa mota ya nusu hosipawa
D) keezo la mguu, bila umeme
Kuna pia kile kifaa cha kufungia drili ili izungushe mti. Mngechagua ipi?

Tendegu:
Anza na mti wa chapati, usianze na wati. Inchi 12 ni milimita 300, na mti wa chapati wa kawaida ni 350 hadi 400. Yaani A haikuingizii kazi ya tatu kwenye orodha yako mwenyewe. B ina milimita 450: gogo la 380, ongeza 15 kila upande za kukata mwishoni, bado nafasi inabaki. Muulize muuzaji kama urefu aliotangaza umepimwa ncha (vyuma vilivyochongoka vinavyoshika mti huku na huku) zikiwa mahali pake, maana ncha nazo hula nafasi.

Pili ni kasi ya chini. Zidisha kipenyo kwa inchi na mizunguko kwa dakika; jibu likae kati ya 6,000 na 9,000, na kwa mtoto lisifike huko juu. Pia ya inchi 2 itakwenda vizuri kwenye 2,500, yaani 5,000, chini kidogo kwa ajili ya mtoto. Lakini hesabu hiyo ni ya mti uliokwisha kuwa mviringo: kipande cha kibakuli cha inchi 8 ambacho bado kina pembe, ukikiwasha kwa 750, mashine ya kilo 18 inatembea mezani. Hapo ndipo A inashindwa, hata kama tangazo linasema inabeba inchi 8.

Angalia na nyuzi za shafti. Nyingi za kati ni inchi 1 yenye nyuzi 8 kwa inchi, na tundu la tepa ya Morse (tundu jembamba kwa ndani la kuchomekea ncha) namba 2. Chaki (ya kubania, si ya ubaoni), sahani ya kufungia mti kwa skrubu na ncha za vipimo hivyo zinapatikana kwa urahisi. Zile ndogo mara nyingi ni robo tatu ya inchi, nyuzi 16, tepa namba 1. Ukihamia mashine kubwa, vifaa vyote vinabaki mapambo.

MkandaV:
C inawezekana, na kwa pesa ya B unapata mbili na chenji. Ila iundwe hivi.

Mota ya induksheni (isiyo na kaboni) ya mizunguko 1,400. Usitumie mota ya mashine ya kufulia yenye kaboni bila kidhibiti chake: ikikosa mzigo inapanda hadi maelfu kwa maelfu ya mizunguko. Shafti ya milimita 25 kwenye beringi mbili za UCP205 (zenye nyumba ya kufungia kwa boliti), ziachane angalau sentimita 20. Puli za hatua tatu: 50 kwa 125 inakupa 560, 75 kwa 100 inakupa 1,050, 100 kwa 75 inakupa kama 1,870. Ukubwa wa kwanza ni wa mota, wa pili wa shafti. Funika mkanda wote kwa bati au plaiwudi, mbele na nyuma.

Wengi wanakosea mwelekeo. Ukisimama mahali pa kufanyia kazi, sehemu ya juu ya mti lazima ije kwako. Ikizunguka kinyume, sahani yenye nyuzi za kawaida inajifungua yenyewe na kukufuata.

Halafu ncha mbili. Sogeza kichwa cha nyuma (kile kinachobeba ncha isiyozungushwa na mota) hadi ncha zibusiane. Zikipishana hata milimita 2, mti mrefu utasumbua na tundu la mpini litatoka upande. Weka kipande cha bati chini ya kichwa kilicho chini mpaka zilingane, ndipo ukaze boliti. Chini ya meza tia sanduku la mchanga, kilo 60 hivi. Mtetemo unapungua mno.

Kekee_ya_Babu:
Kifaa cha drili sahau. Drili imeundwa kusukumwa kwa mbele, patasi inasukuma kwa ubavu. Beringi ya mbele inalegea, mti unaanza kucheza, mtoto anadhani kosa ni la mkono wake.

mpera_mbichi:
Mbona D hamuigusi? Kwa wa miaka 11 na 12 ndiyo bora. Mguu ukisimama, mti unasimama. Kamba ya milimita 6 unaizungusha mara mbili kwenye mti wenyewe, chini inafungwa kwenye kanyagio la sentimita 90, juu kwenye mpira wa tyubu ya baiskeli uliovutwa kati ya nguzo mbili. Ncha ni boliti za milimita 12 zilizonolewa. Mti unakwenda mbele na kurudi. Unakata mguu ukishuka, unalegeza patasi ukipanda. Asiyelegeza anaona makali yanasugua tu na kufa upesi.

Tia grisi kwenye ncha, la sivyo mbao inaungua na tundu linapanuka. Mti uwe mbichi: mpera kwa pia, mwembe kwa mipini. Mbao kavu ya mninga kwa mguu ni kuwatesa watoto. Vibakuli havifai kuanzia hapa, kweli, lakini hujasema unavianza mwezi huu.

Tendegu:
Nakubali kwa pia. Kwa mti wa chapati ulionyooka, mtoto atachoka kabla haujawa mviringo.

mpera_mbichi:
Auchonge kwanza kwa shoka uwe na pembe nane. Mzigo unapungua zaidi ya nusu.

Mama_Randa:
Yoyote mtakayochagua yenye umeme, iwekeni swichi ya sumaku. Umeme ukikatika, swichi ya kawaida inabaki imewashwa. Ukirudi, mashine inaanza huku kijana ameinama anapima unene kwa kalipa. Ya sumaku inakatika yenyewe hadi ibonyezwe upya. Kitufe chekundu kiwekwe upande wa kichwa cha nyuma, ili asivuke mti unaozunguka kukifikia.

Kimo: kiwiko kikikunjwa kiwe sawa na ncha. Kwa mfupi tengenezeni jukwaa la mbao upana wa mita nzima, si stuli. Ngao ya uso kila mara. Glovu hapana, mtandio hapana, mikono ya shati juu ya kiwiko. Egemeo la patasi liwe milimita 3 hadi 5 kutoka kwenye mti, na mti uzungushwe kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kuwasha.

Na pesa yote msiimalize kwenye mashine. Patasi nne zinatosha: ya kuparia milimita 20, ya mviringo 10, ya mshazari 20, ya kukatia 3. Ziwe HSS, chuma kinachostahimili joto la kunolewa. Ya chuma cha kaboni ikigeuka bluu kwenye jiwe, ugumu umekwisha hapo. Msigeuze tupa kuu kuu kuwa patasi. Ni ngumu lakini ni kavu, ikinaswa inavunjika vipande.

patasi_butu:
Kuna B ya mtumba kutoka Marekani, bei nusu. Ni ya volti 110. Transfoma itatosha?

MkandaV:
Soma kibao cha mota. Ikiwa ni induksheni ya hezi 60, transfoma inarekebisha volti tu, hezi (mipigo ya umeme kwa sekunde) zinabaki 50 za umeme wetu. Kasi inapungua kwa sehemu moja ya sita na mota inachemka. Ikiwa ni mota ya DC (umeme wa mkondo mmoja) yenye kidhibiti cha kasi, hezi hazisumbui. Tafuta transfoma ya wati 1,500. Kutoka Uingereza huna shida: volti 230, hezi 50, hata plagi ni ileile.

patasi_butu:
Kibao kinasema induksheni, 60. Naiacha. Nitaunda D mbili wiki hii, C moja baada ya kupata beringi.

Mama_Randa:
Sawa. Ile patasi ya kuparia, ukifika kwenye vibakuli, ifungie kabatini. Shina lake ni jembamba pale linapoingia mpinini. Kwenye kibakuli inanaswa na kukatika hapohapo.